Nukta za Dada Faili

Ofisini walimwita Dada Faili, na jina likamganda hata wageni wanaofika dirishani kuulizia viwanja vyao wakalitumia bila haya. Kazi yake ilikuwa masijala ya ofisi ya ardhi: kuteremsha majalada rafuni, kuyafuta vumbi, kuyapeleka kwa wakubwa, kuyarudisha. Kila karatasi iliyoingia jaladani aliipa namba pembeni kwa wino mwekundu, maana karatasi isiyo na namba hukanwa siku ya ugomvi. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Magoti yalikuwa yameanza kulalamika kila apandapo ngazi ya rafu ya juu.

Asichokijua mtu pale, au ndivyo alivyoamini, ni kwamba alikuwa na shahada ya upimaji ardhi, tena ya daraja la kwanza.

Msimlaumu. Alipomaliza chuo alizunguka na bahasha miaka mitatu mpaka soli zikaisha. Kwenye upimaji hapakuwa na nafasi. Alipojishusha akaomba ukarani, wakamwambia, "Umesoma sana wewe, utatukimbia." Basi hapa akajitia ujinga. Shahada akamwachia mama yake, kwenye fomu akaandika elimu ya kidato cha nne, na chini akatia sahihi kwamba ikibainika amedanganya afukuzwe. Wakampokea wiki ileile. Alijiambia ni kwa mwaka mmoja tu. Sote husema hivyo.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na elimu nayo vilevile. Ramani mpya zilipitia masijala kabla Mkuu wa wapimaji hajazitia sahihi. "Zilale kwa Dada Faili siku moja," Mkuu alizoea kusema, "zipate namba." Naye, akiwa peke yake na chai yake inapoa, alizisoma. Akiona vipimo vya mpaka havirudi kukutana pale vilipoanzia, roho haikumpa kunyamaza. Hapo ni ukuta wa mtu, na kesho ndugu watashikana mashati. Aliweka nukta ndogo ya penseli kando ya kosa. Siku ya pili ramani ilirudishwa kwa aliyeichora airekebishe, na watu wakasifu kwamba Mkuu ana jicho la mwewe. Dada Faili alicheka kimoyomoyo. Ndiyo raha pekee aliyokuwa nayo pale, na miaka ilivyokwenda hata kicheko hicho kikamchosha.

Ndipo likabandikwa tangazo: nafasi moja ya mpimaji, kwa wafanyakazi wa ndani, mwisho Ijumaa. Alilisoma mara ngapi, hata yeye hajui. Nyumbani alimkuta mama yake anakunja nguo.

"Mama, nikiitoa ile shahada, watasema nilidanganya. Watanifukuza, na tunaishi kwa mshahara huohuo."

"Na usipoitoa?"

"Nitaendelea hivihivi."

"Hivihivi mpaka lini, mwanangu? Mimi kila mwaka naitoa sandukuni, naifuta, nairudisha. Imekuwa kama nguo ya harusi iliyokosa harusi. Mficha uchi hazai."

Ijumaa alitoka na barua ya maombi na nakala ya shahada mkobani, na bado hajaamua. Saa tatu Afisa Utumishi akapita mbio, mkononi funguo.

"Dada Faili, nisaidie. Kamati inataka majalada ya wale wanne walioomba ile nafasi. Mimi nina kikao. Fungua kabati langu, uyapeleke kwa Mkuu."

Kabati hilo la majalada ya wafanyakazi hakuwahi kulifungua hata siku moja. Akayatoa manne. Jicho likaangukia la tano, lenye jina lake. Shetani akamnong'oneza kwamba fomu huchomoka, na namba nyekundu si anajua kuziandika upya? Akalifungua.

Fomu yake ilikuwa namba mbili. Namba tatu ilikuwa nusu karatasi yenye mwandiko wa Mkuu, mwandiko aliouzoea kuliko wake:

"Nimeuliza chuoni. Huyu ana shahada ya upimaji, daraja la kwanza, ameificha. Mchukueni hivyohivyo, akae masijala. Ramani zangu zitapitia kwake. Kwa fomu hii aliyoitia sahihi, hatathubutu kudai cheo."

Tarehe ilikuwa ya wiki aliyoajiriwa.

Hakulia. Kwanza aliona aibu, aibu ya mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu yote iko nje na wakubwa wanamtazama. Kisha ikaja hasira, lakini haikukaa. Ilikuta nyumba imejaa uchovu. Miaka kumi na mmoja! Alikuwa akijiona mjanja, kumbe anafuliwa na kuvaliwa.

Halafu akatoa kalamu ya wino mwekundu. Barua yake ya maombi akaipa namba kumi na nne, shahada namba kumi na tano, akazifunga jaladani. Fomu hakuigusa. Aliporudi masijala alichukua ramani iliyolala kwake tangu jana. Nukta yake ilikuwepo, kando ya pembe ya tatu. Akaifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikawa safi.

Mkuu aliipokea ramani kwanza, kama kawaida yake. Akaitazama juu, akaitazama chini, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Hii imelala kwako?"

"Imelala, Mkuu."

"Na hukuona... hakuna kitu?"

"Mimi ni wa kidato cha nne, Mkuu. Ramani nitazijulia wapi?" Akaweka majalada matano mezani. "Hilo la juu ni langu. Namba tatu utaukuta mwandiko wako. Namba kumi na tano ni shahada yangu."

Mkuu hakulifungua. Alikuwa ameshika kalamu juu ya ile ramani, na kalamu haikushuka. Dada Faili, kwa kuwa magoti yalimuuma, akavuta kiti cha wageni, akakaa kusubiri.