Msoma Migongo ya Pakiti

Mpangaji wangu huandikia duka la mtandaoni yale maneno ya nyuma ya pakiti, ili mnunuzi aliyeko nyumbani ajue anakula nini. Picha ya mbele haimshughulishi. Kila pakiti huilaza kifudifudi kama mtoto anayepakwa mafuta, akaifuta kwa kidole gumba, akasoma kwa kunong'ona huku akichapa. Macho yale, wallahi, yanaona mpaka soksi za sisimizi.

Jana nilikwenda kumwomba sukari, nikamkuta ameshika biskuti anazozipenda mjukuu wangu, yule ambaye karanga humvimbisha koo hadi pumzi ikakwama. Kidole kikasimama. Akampigia bosi wake.

"Kaka, ziondoe dukani kwanza. Wameongeza karanga."

"Dada, si pakiti ni ileile?"

"Pakiti ndiyo. Biskuti siyo."

Nikampigia binti yangu, mama wa mtoto, nimwonye.

"Mama, nilishaziweka kwenye oda ya mtandaoni," akasema. "Zimetoweka sasa hivi, mbele ya macho yangu. Sijui nani kazitoa."

"Mimi namjua," nikamwambia. "Nimekaa naye hapa, na naogopa hata kumwomba sukari iliyonileta, asije akanisomea mgongo wa pakiti yake."