Kahawa ilivyoikimbiza albamu yetu ya rock hapa Ibra, Oman

Wakuu, salaam aleikum. Mlio wadogo shikamoo zenu nishazipokea, marahaba. Haya ni kweli tupu, na shahidi ninaye: mke wangu Bi Moza, yuko jikoni hapo.

Mie skuli sikufika mbali, makosa ya kuandika nisameheni.

Sisi ni wazee watatu, asili yetu Unguja. Tangu ujanani twapiga rock, ile ya zamani yenye gitaa la kulia. Albamu hatujatoa hata moja. Mwaka huu tukaambiana, tutakufa hivi hivi?

Tena kuna wimbo wa taratibu nilimtungia Bi Moza kabla sijamuoa. Nikamuahidi nitaurikodi. Kazeeka anausubiri. Safari hii keshawaita na dada zake wa Sur waje kuusikiliza, kwa hiyo kuharibu hakuna.

Mashine ya kurikodi tukaiazima Nizwa, siku moja tu. Tukaifunga sebuleni kwa Seif, mpiga drums wetu. Ukutani tukaegemeza magodoro kuzuia mwangwi. Moja la mama mkwe wake, akalitaka saa ya kulala mchana, ikawa kesi. Tuyaache hayo.

Akaja Hamed, shemeji yake Seif, na birika la kahawa. Huku kwetu kikombe usipokitikisa, unatiliwa tena. Ndiyo heshima. Sasa Seif mikono yote ina vijiti! Hamed akawa anamnywesha mwenyewe kama mtoto. Na Seif kichwa kinakwenda na mdundo, juu chini, juu chini.

Hamed anaona anaitikia. Anatia.

Nilihisabu vikombe kumi na saba, kisha mdundo ukanikimbia.

"Seif, polepole!"

"Mie nipo pale pale, nyie ndio mmezeeka!"

Macho yamemtoka pima. Wimbo wa Bi Moza wa dakika sita tukaumaliza kwa mbili na nusu, maneno mengine nimeyameza. Kurudia hatuwezi, mashine yatakiwa Nizwa.

Tukaitia albamu kwenye group la ukoo. Wa Samail wakauliza, "Mlikuwa mnafukuzwa na mbwa?" Jamaa mmoja wa huko Samad akasema ngamia wake wa mashindano siku hizi hakimbii bila ya wimbo ule. Basi ndiyo sifa hiyo.

Ijumaa dada zake Bi Moza wakafika. Mie nimekaa karibu na mlango, viatu nishavaa. Wimbo ukaanza, ukaisha, dada mmoja hata hajakaa vizuri.

Bi Moza akanikazia macho.

"Ndio wenyewe huo?"

"Ndio huo, Bi Moza."

"Mbona sawasawa! Siku uliyokuja kuposa si ulisema yote kwa pumzi moja, jina langu ukalisahau? Baba akakuuliza, wamtaka binti yupi?"

Dada zake wakaanguka kwa kicheko. "Urudishe, urudishe!" Ukapigwa mara tisa.

Mie nikavua viatu.

Funzo, wakuu: mpiga drums mpeni maji. Na ahadi ya mke itimizeni, hata kwa mbio.

Haya, nani humu kamsubirisha mkewe kunishinda mie? Semeni tu, Bi Moza nitamsomea.