Ukungu wa Picha ya Mama

Wakati wa vita, hospitali yetu hapa Kindu ilikuwa na fundi mmoja tu wa eksirei, na nimemchukia tangu hapo.

Mama alikuwa akikohoa. Nilimpeleka kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma, mimi nasukuma. Fundi aliinua picha dirishani, akaitazama muda wa kupiga chafya. Kifuani palikuwa na ukungu mweupe, hata mimi mwanafunzi niliuona.

"Ile haiko ugonjwa," akasema. "Dawa ya kuoshea picha njo imechakaa, ndege hazilete ingine. Mama, urudi nyumbani."

Kabla ya mwezi kwisha tulimzika. Picha niliificha chini ya godoro, nikaapa kwamba siku moja nitamwaibisha nayo.

Leo nafundisha fizikia papa hapa, na siku zisizo na masomo napakua data za darubini za angani zinazopokea eksirei. Natafuta gesi ya moto inayozizunguka galaksi za jirani. Ni hafifu mno. Unafunika kwanza vyote vinavyong'aa sana, kisha unapima anga tupu pembeni, mbali na galaksi. Mng'ao wa pembeni ukiwa sawa na wa katikati, basi hujapata gesi, umepata uchafu wa chombo chako. Nakiri kwamba kila nilipoipata gesi nilimkumbuka yule fundi, nikacheka peke yangu. Haiko ugonjwa, eti!

Juzi nilimwita nyumbani. Amezeeka, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, lakini alikuja na koti lake jeupe, limepigwa pasi. Dada yangu nilimkalisha awe shahidi. Nikaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, nikamwambia ni ile ya mama.

Halafu jicho langu, kwa mazoea ya kazi, likaenda pembeni. Nje ya mbavu, juu ya bega, hadi kwenye kona ambako hapakuwa na mwili wa mtu, ukungu ulikuwa ule ule, mzito vile vile. Mzee alikuwa amesema kweli.

"Mwalimu, uko unaona nini?" akauliza. "Mimi siko naona tena."

Dada alinikodolea macho. Niliikumbuka ile baiskeli, na uzito wa mama nyuma yake.

"Niko naona ugonjwa, papa," nikasema. "Iko wazi kabisa."

Akavua kofia, akaniomba msamaha kwa sauti ndogo. Nami, mbele ya dada yangu, nikamsamehe.