Changu Waliopakwa Uji

Kwa miaka mingi niliwaambia ndugu zangu kwamba barafu mbovu ndiyo iliyomharibia shangazi biashara ya samaki Kariakoo. Uongo. Ni mimi.

Zama zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila msomi alidhani soko linamngojea yeye. Nilikuwa na shahada, sufuria na dharau tele kwa wachuuzi. Nikamwapia shangazi kwamba wale samaki wake aina ya changu wakipakwa uji mwepesi wa muhogo watadumu siku mbili zaidi, na mlaji hadhuriki.

Walidumu kweli. Ila mnunuzi wa Kariakoo hufunua shavu la samaki, humbonyeza, kisha hunusa vidole. Kwa joto lile uji ulilainika, vidole vikaondoka na utelezi.

"Mama, huyu kaoza au ana mafua?" mmoja aliuliza, akijifuta kwenye kanga.

Nikamhubiria habari za vijidudu. Akahamia meza ya jirani.

Shangazi akabaki na tegemeo moja: mwenye mgahawa kule Posta, aliyechukua kapu zima kila siku. Mchana akapiga simu duka la jirani, tukaitwa.

"Shikamoo, mama. Samaki wako wameng'ang'ania karai kama chapati. Kesho usilete. Wala keshokutwa."

"Marahaba," shangazi akaitikia, akanikabidhi mkono wa simu niurudishe mwenyewe.