Mama Mkwe na Kioski cha Maji

Nelima amevuka miaka sabini na bado hujichotea maji. Kwa miaka mingi, kila asubuhi alishuka hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya kijiji chao, nje kidogo ya Sirisia, akajaza mtungi mdogo wa njano na kuupandisha kichwani. Januari, chemchemi ilipobaki uzi tu, aliketi pale mpaka mtungi ujae.

Binti yake, Jentrix, ameomba mara nyingi amchotee. Jibu la Nelima ni lile lile: wakianza kumchotea maji wataanza kumpikia, na wakishaanza kumpikia watamhamisha kwenye nyumba yake.

Jentrix ameolewa papo hapo kijijini na Wekoye, fundi wa pikipiki. Kati ya Wekoye na Nelima kuna desturi ambayo wengi siku hizi wameilegeza, lakini hawa wawili wanaishika: mwanamume na mama wa mke wake hawakutani ana kwa ana. Wakikaribiana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi na kumpisha mwenzake. Wameishi hivyo miaka mingi bila ugomvi. Nelima humpelekea ndizi kwa mikono ya wajukuu. Paa la Nelima lilipooza, Wekoye aliliezeka upya wakati mwenyewe yuko Bungoma kwa dada yake.

Mwaka jana kamati ya maji ilimwita injinia kutoka Kitale, jina lake Cheruiyot, aisaidie kuchagua namna ya kuongeza maji. Mkutano ulifanyika kanisani. Kwa kuwa Wekoye alikuwa ndani, Nelima alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani.

Cheruiyot alieleza njia tatu. Tangi kwenye chemchemi lingejengwa upesi, lakini tangi haliongezi maji yasiyokuwepo. Bomba kutoka mto wa mlimani lingeshuka bila mashine yoyote, ila lingepita katika mashamba ya watu wengi, na bomba kama hilo alilolisimamia upande wa Saboti hukatwa kila msimu wa kulima. Njia ya tatu ilikuwa kisima kirefu chenye pampu ya sola, na kioski kimoja pale sokoni. Hicho kingetoa maji hata Januari.

Watu walikubali kisima. Mwenyekiti akapendekeza Wekoye awe msimamizi wa kioski, maana anajua mashine, na kanisa likapiga makofi.

Wekoye hakupiga. Kazi hiyo alikuwa akiitamani. Lakini msimamizi hushinda kioskini mchana kutwa, na kila anayechota huchota mbele ya macho yake. Alisimama akauliza, "Sasa mama yake Jentrix atachota wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Sauti ya Nelima ikapita dirishani.

"Jentrix, ambia bwana yako achukue hiyo kazi. Mimi utanichotea."

Jentrix alijua neno hilo limemgharimu mama yake kiasi gani. Kabla hajafungua mdomo, Wekoye alisema, "Mwambie mama hiyo sitaki. Yeye amezoea kujichotea."

"Mwambie watoto wake wanataka kula."

"Mwambie wanakula."

"Si nyinyi wote mnasikia?" Jentrix akasema. "Kwani mnaongea Kizungu ndio niwatafsirie?"

Watu walicheka. Cheruiyot aliinama akamuuliza kwa sauti ya chini kama hao wawili wamekosana.

"Hapana bana," Jentrix akamwambia. "Hii ni heshima."

Cheruiyot alisema mfereji wa pili wa kuchotea unaweza kushushwa hadi karibu na chemchemi, ila ili pesa zitoshe itabidi tangi la kisima liwe dogo. Nelima, kule nje chini ya dirisha, alikataa. Watu wasikose maji kwa ajili yake. Wekoye naye hakubadilisha neno.

"Basi mjengee huyu mume wangu jela," Jentrix akasema. "Mumfungie ndani na koki yake, mama achotee nje."

Watu walicheka tena, isipokuwa Cheruiyot. Yeye alichukua kalamu akachora: koki ndani, mfereji upande wa nyuma, na kati yake ukuta usio na dirisha. Ilihitaji matofali machache na kipande cha bomba.

Kisima kilifunguliwa Machi. Nelima alienda upande wa nyuma akaweka mtungi wake kwenye saruji. Ndani, Wekoye alisikia mtungi ukitua, akafungua koki. Hakuweza kuona kitu, kwa hiyo alisikiliza. Maji yanapopanda mtungini sauti yake huwa nyembamba, na ilipofika mwisho alifunga. Mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni.

Nelima aliubeba hadi nyumbani. Jioni alimwita Jentrix.

"Mwambie asijaze sana. Ananilowesha shingo."

Asubuhi iliyofuata koki ilifungwa mapema kidogo.