Gorogoro Ni Kilo Mbili

Kwa Kijaluo, mke mwenza huitwa nyieka, na wivu huitwa nyiego. Waliotunga lugha hii hawakutaka kutuficha kitu. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Yeye alikuwa nyachira, wa pili, na kwa kuoka keki alinishinda mbali. Nasema wazi, maana uongo wangu nilishaumaliza wote.

Alikuwa akioka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akipima kila kitu kwa kikombe kimoja cha plastiki. Keki yake ilikuwa laini hadi bibi wasio na meno waliimaliza. Yangu haikumezeka bila chai.

Basi akina mama wa kanisa letu hapa Mbita wakanunua tanuri na mzani wa betri, wakatafuta mwokaji mmoja wa kulipwa mshahara. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Akikosa, ingebidi arudi kisiwani Remba kuanika omena, dagaa wa ziwani, na kumwacha mtoto wake, ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Alilijua hilo, nami nilijua.

Sharti lilikuwa moja: kila kitu kipimwe kwa gramu, vikombe hawavitaki. Yeye shule yake iliishia darasa la tano. Akaja mlangoni kwangu na kikombe chake mkononi.

"Mikayi, nisaidie kugeuza hivi vikombe viwe gramu. Wewe umesoma."

Ala! Kisu ameleta mwenyewe, na mpini ameuelekeza kwangu.

Sokoni kwetu gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ni kilo mbili. Mahindi kilo mbili, omena kilo mbili, unga kilo mbili. Bishana uone utakavyochekwa. Vikombe vinane hujaza gorogoro, kwa hiyo kikombe ni robo kilo. Nikamwandikia hivyo hivyo: unga vikombe viwili, gramu mia tano, sukari kikombe kimoja, gramu mia mbili hamsini. Hesabu safi kabisa. Ila wiki hiyo hiyo, nikitayarisha vipimo vyangu, nilikuwa nimepima unga wa kikombe kama kile kwenye mzani wa duka, nikaona haufiki hata gramu mia moja na hamsini. Unga ni mwepesi, jamani. Nilijua, nikaandika, nikamkabidhi karatasi.

Siku ya mashindano alikoroga kidogo akaacha. Mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya bakuli.

"Mikayi, mbona mzito hivi?" Akanyoosha mkono achukue maziwa.

"Fuata karatasi," nikamwambia. "Mzani haudanganyi. Ama unataka waseme hujui kusoma?"

Akayaacha maziwa.

Keki ikatoka imepasuka katikati. Mwenyekiti akaigonga kwa kisu, ko, ko. "Yawa! Hii ni keki ama tofali?" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilicheka kuwashinda wote, na Mungu ananiona, nilifurahi mpaka mbavu zikauma. Kazi nikapewa papo hapo.

Laiti angenitukana. Jibu nilikuwa nalo tayari: nenda kaulize soko lote kama gorogoro si kilo mbili. Tukarudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipofika langoni akanishika mkono.

"Asante, Mikayi. Wewe ulijaribu kunisaidia. Ni mkono wangu tu umeharibika."

"Pole," nikasema. "Si kila mtu ni mwokaji."

Jumatatu akapanda boti ya Remba. Mtoto aliniachia mimi. Alisema hapa Mbita hana mwingine wa kumwamini.