Sproketi ya Meno Arobaini na Sita

Nitakueleza jambo hili jinsi lilivyonipata, bila kutia chumvi. Ukimaliza kusikiliza ukataka kucheka, cheka. Wenzangu kazini walicheka, na pasta wangu akatazama sakafu tu. Lakini ni mimi niliyeweka kidole chini ya ile cheni, mchana kweupe, na sikuwa nimelala wala kuugua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa muuguzi wa chanjo Kisumu, kazi yangu kupeleka dawa vijiji vya ufuoni upande wa Seme, ambako gari halifiki mvua ikinyesha. Nilipewa pikipiki, zile ndefu zenye tairi za vibonge, zinazokwenda kwa lami na kwa mawe vilevile. Mwanamke juu ya pikipiki siku hizo? Mwanzoni watu walisimama kando ya barabara kunishangaa. Baadaye wakanizoea, wakawa wananiita Sista tu.

Basi mvua za masika zilipoanza, cheni nayo ikaanza kuruka. Nikiongeza moto kupanda kilima, nasikia inagonga nyuma yangu kama mtu anayevunja kuni. Nikampelekea fundi wangu, Ochieng. Akaifungua, akanionyesha sproketi, yale magurudumu mawili ya chuma yanayozungukwa na cheni: dogo la mbele kwenye injini, kubwa la nyuma kwenye tairi. Meno yalikuwa yameliwa yakapinda kama ndoana za samaki.

"Hii usibadilishe moja moja, Sista," akasema. "Cheni mpya kwa sproketi mzee, itaisha mwezi moja. Toa zote tatu. Na ya nyuma tafuta ya meno arobaini na sita kama hii. Wakikupatia ya arobaini na mbili, kataa. Hiyo itakukimbiza lami vizuri, lakini na mzigo kwa matope ya kule, itakuacha."

Cheni mpya nilipata dukani mjini, na sproketi ya mbele pia. Ya nyuma haikuwepo. Mwenye duka akasema itabidi itoke Nairobi, labda wiki tatu. Wiki tatu, na surua ilikuwa imeingia kijiji kimoja kule ziwani! Watoto wawili walikuwa wameshazikwa. Ungekuwa mimi, ungengoja?

Nilikwenda soko la Kibuye, kule nyuma wanakouza vyuma vilivyotumika. Nilizunguka asubuhi nzima nikiinama juu ya magunia, nikihesabu meno kwa kidole. Mzee mmoja akanitolea mbili zilizolingana na matundu ya bolti zangu. Moja ilisuguliwa ikang'aa. Nikahesabu, arobaini na mbili. Ya pili ilikuwa na udongo mkavu, na kitambaa cha buluu kimenaswa katikati ya meno. Nikahesabu mara mbili. Arobaini na sita, na meno yake mazima kabisa.

"Ilitoka kwa pikipiki gani, Mzee?" nikauliza.

Akaangalia pembeni. "Chuma ni chuma, Sista. Wewe si unataka namba? Namba ndio hiyo."

Hapo ndipo nilipaswa kuiweka chini. Sikuiweka. Nilichomoa kile kitambaa nikakitupa, nikaondoka na sproketi mkononi nikifurahi.

Ochieng alinifungia siku hiyo hiyo. Akanifundisha kupima cheni: unasukuma kidole kutoka chini, inapaswa kucheza upana wa vidole viwili. "Ukibeba mtu nyuma, springi inashuka na cheni inakaza. Hiyo ni kawaida. Lakini ukiwa peke yako, vidole viwili."

Kesho yake nilifunga kisanduku cha barafu chenye chanjo mbele yangu, juu ya tangi, nikatoka mjini mapema. Mpaka Otonglo pikipiki ilikwenda kama mpya. Nilipopita soko tu, kabla ya kona, ikawa nzito. Ghafla hivyo, kama mtu amerukia nyuma. Cheni ikaanza kulia sauti nyembamba. Nikasema moyoni, huyu Ochieng amekaza sana. Nikasimama, nikashuka, nikapima. Vidole viwili. Nikapanda, ikalia tena. Nilifanya hivyo mara tatu mpaka Kombewa.

Pale njia ya udongo inapoachana na barabara kwenda ziwani, nilisimama kwa mara ya nne. Jua lilikuwa kali, hakuna mtu karibu. Nikapiga magoti, nikaweka kidole chini ya cheni. Ilikuwa imelegea sawasawa. Kidole changu kikiwa bado pale, nikasikia springi ya nyuma inalia kidogo. Nikainua macho. Kiti cha nyuma kilikuwa kinashuka, polepole, vile mtu mzima anavyokaa. Tairi likabonyea. Cheni ikanyooka kama waya, ikasukuma kidole changu chini.

Juu ya kiti hakukuwa na mtu.

Niamini, sikupiga kelele. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye udongo, nikaanza Baba Yetu, nikaipoteza katikati. Ningekimbia. Ningeacha ile pikipiki pale na sijui nani angenilaumu. Lakini nilikiona kile kisanduku juu ya tangi, maji ya barafu yanadondoka pembeni. Chanjo haijui mambo ya mizimu. Ikipata joto inakufa, na kule chini akina mama walikuwa wameshapanga mstari.

Nikasimama. Nikaongea kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu mimi ni Mluhya na wakati huo Dholuo, lugha ya watu wa kule, ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

"Sikujui. Kama unakwenda mbele, kaa. Mimi nina watoto wananingoja na sirudi. Lakini usinitikise."

Nikapanda. Mgongo wangu wote ulikuwa baridi kama nimeegemea ukuta wenye maji, na mbele natokwa jasho. Tukashuka. Ndiyo, nasema tukashuka. Kwenye kona ule uzito ulilala pamoja nami, vizuri, kama mtu aliyezoea pikipiki. Penye kijito kilichofurika niliogopa tairi la nyuma litateleza. Halikuteleza. Lilishika kama lina mtu mnene juu yake, tukapanda ng'ambo.

Nilichanja mpaka saa tisa alasiri, watoto wote waliokuwa pale.

Wakati wa kurudi, uzito ulikuwepo tena. Hatujafika mbali, mbele ya boma moja lenye ua wa miti ya utomvu, cheni ikakazika ikalizuia tairi kuzunguka. Injini ikalia, ikazima. Nikawasha. Ikazima. Mara ya tatu nikaelewa. Nikaisukuma, na unajua, kuingia kwenye lile boma ilisukumika kwa kidole.

Mama mzee alikuwa anapeta omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba. Alinisalimu, kisha akaitazama pikipiki. Akaweka uteo chini.

"Umemtoa wapi?" akaniuliza.

"Nani, Mama?"

"Mtu uliyembeba."

Nikakaa hapo chini. Nikamweleza yote, sproketi, Kibuye, hata kitambaa. Aliposikia kitambaa cha buluu akafunga macho.

"Ovaroli yake," akasema. "Mtoto wangu Odhiambo alikuwa fundi wa injini za mashua. Alikuwa na pikipiki kama hii. Nilikuwa mgonjwa, akatuma neno atafika kabla jua kuzama. Lori likamgonga hapo Otonglo. Wazee walisema tukibeba mwili tusimame pale alipoanguka, tumwite kwa jina aje na sisi. Lakini mvua ilikuwa kubwa, dereva akakataa kusimama. Tukazika mwili." Akaonyesha kaburi kando ya nyumba, nyasi zimeota. "Yeye mwenyewe hakuja. Miaka mbili nangoja."

Hakuniomba kitu. Huyo mama hakuniomba. Lakini niliangalia ile sproketi na nikajua haiwezi kutoka pale na mimi. Jua lilikuwa linashuka. Ningeifungua, ningebaki bila njia ya kurudi mjini. Nikatoa spana, nikaondoa tairi, nikalegeza bolti moja moja. Mbili zilikataa, nikazipiga na jiwe mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mama alikaa karibu yangu akishika kiti cha nyuma, vile unavyoshika bega la mtu.

Nilipoitoa na kurudisha tairi, niliiweka sproketi mikononi mwake. Akaibeba mpaka kaburini, akaiweka juu ya udongo, akasema polepole, "Odhiambo wuoda, bi dala." Mwanangu, njoo nyumbani.

Pikipiki nilikuwa nimeiegemeza kwenye ukuta. Nilisikia springi yake ikiinuka. Baridi ikanitoka mgongoni mara moja, kama mtu amefunga mlango.

Kesho yake nilirudi Kisumu nyuma ya pikapu ya samaki, pikipiki imelazwa juu ya vikapu. Sproketi mpya ilikuja kutoka Nairobi baada ya mwezi na zaidi. Mwezi huo wote nilipanda matatu mpaka Kombewa, kutoka hapo nikatembea kwa miguu, kisanduku kichwani, na hakuna siku niliyokosa kufika. Yule mama nilimpitia mara nyingi. Alinona, akawa anacheka. Alipofariki miaka ya tisini, watoto wake wengine walinipa nafasi ya kukaa na familia mazishini.

Mimi sikupona kabisa. Mpaka leo nikipanda pikipiki siwezi kuketi mbele ya mtu. Akikaa nyuma yangu, hata awe mume wangu, mgongo unakufa ganzi na lazima nishuke. Na nikiona pikipiki imesimama peke yake, nainama kupima cheni yake. Watu hudhani nina akili pungufu.

Wewe unayenunua vyuma vilivyotumika, najua namba ni muhimu, hesabu meno yako vizuri. Kisha muulize anayeuza, kilitoka kwa nani. Akiangalia pembeni, kiache pale guniani utembee kwa miguu. Na kama umeshakifunga, ukasikia mtu amekaa nyuma yako, usimtupe njiani. Huyo ana kwao. Mfikishe.